Uhamisho Si Adhabu: Nidhamu na Mageuzi katika Vituo vya Polisi na Magereza

Hotuba kwa wakuu wa vituo vya polisi, wakuu wa magereza na maafisa wa probesheni, Mombasa

Mheshimiwa Mwenyekiti, maafande wa Polisi na wa Magereza, waendesha mashtaka, mahakimu, maafisa wa probesheni, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie nidhamu ya watumishi na namna ya kusimamia mabadiliko katika idara zetu za haki jinai. Najua neno mageuzi limewachosha. Wengi wenu mliingia kazini kabla ya Katiba ya 2010. Mmeona majopokazi yakija na kuondoka, mmejaza fomu, mmepigwa msasa kuona kama mnafaa kazini, mmebadilishiwa sare, na wengine mmebadilishiwa kamanda na kikosi kwa tangazo la siku moja. Kwa hiyo sikuja na mpango mwingine. Nina jambo moja la kusema, nalo naona tumelikwepa kwa muda mrefu: tabia ya askari hutengenezwa na mkubwa wake wa karibu, yule anayempangia zamu, anayemsainia likizo na anayependekeza ahamishiwe wapi. Katiba na sheria humfikia konstebo zikiwa zimepitia mikononi mwa mtu huyo. Zikifika zimepinda, atazishika zikiwa zimepinda.

Mtu huyo ni wewe uliyeketi hapa leo. Ni mkuu wa kituo, yaani OCS, ni naibu wake, ni sajini wa zamu, ni mkuu wa gereza. Vikao vya mageuzi huitwa vya makamanda wakuu na vya wafadhili, kisha waraka hushuka kwa konstebo. Mtu wa katikati hudhaniwa kwamba ataelewa mwenyewe.

Tukumbushane tulikotoka. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kati yao 405 walikufa kwa risasi. Raia wa Kenya hatembei na bunduki, na kila aliyesoma ripoti ile alijua swali linaelekezwa kwa nani. Mwaka 2009 jopokazi la Jaji Philip Ransley likatoa mapendekezo zaidi ya 200 kuhusu polisi. Ikaja Katiba mpya, ambayo pamoja na sheria za 2011 ilitupa Huduma ya Taifa ya Polisi, Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA. Kifungu cha 244 cha Katiba kinaitaka Huduma hiyo izingatie weledi na nidhamu, izuie ufisadi, iheshimu haki za binadamu na ijenge uhusiano na jamii. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Kwa maandishi tumejipanga vizuri kuliko nchi nyingi. Ninalisema hilo kwa fahari, maana kuna watu waliopigania kila neno la sheria hizo.

Lakini maandishi hayakai zamu ya usiku.

Afrika Kusini ilipita njia hii kabla yetu. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, mwaka 1995 nchi hiyo iliunda upya polisi wake wakawa huduma, na vyeo vya kijeshi vikaondolewa. Ikafika 2010, wanasiasa wanataka kuonekana wakali dhidi ya uhalifu, vyeo vya kijeshi vikarudishwa: majenerali, makanali, wote wakarudi. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Agosti 2012, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimba migodi 34 waliokuwa wamegoma kule Marikana. Sisemi vyeo ndivyo vilivyofyatua risasi. Ninasema kwamba katika miaka yote ile ya jina jipya, desturi ya zamani ya kukabiliana na umati haikung'olewa, na wakubwa walipoashiria ukali ilikuwa tayari iko palepale inasubiri. Wenzetu wa Tanzania nao wako kwenye mjadala huu. Tume iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Januari 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilitazama taasisi zote za haki jinai, polisi, magereza, mashtaka na nyinginezo, na mojawapo ya mapendekezo yake ni kwamba Jeshi la Polisi liwe Huduma ya Polisi. Ni pendekezo jema. Sisi tulilifanya kwenye Katiba yetu, na kwa uzoefu wetu nawaambia kazi ngumu huanza siku jina jipya linapopakwa ukutani.

Mwaka 2018 tuliona badiliko kubwa zaidi la muundo tangu uhuru. Septemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba askari wa kawaida wa Polisi wa Utawala, yaani AP, zaidi ya 24,000, waunganishwe na Polisi wa Kenya, wawe chini ya kamandi moja, sare mpya ya buluu ije, na askari wapewe posho ya nyumba wakapange mitaani. Fikirieni ukubwa wa jambo hilo. Hawa wa AP walifunzwa Embakasi, wale wa Polisi wa Kenya Kiganjo. Hawa wamezoea kambi ya chifu, kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya shamba na kuzunguka kijijini kwa miguu. Wale wamezoea kituo, kitabu cha matukio yaani OB, uchunguzi na mahakama. Kila upande ulikuwa na dharau yake kwa upande wa pili, nanyi mnaijua kuliko mimi. OCS aliamka asubuhi akakuta ana askari wapya ambao hajawahi kuwaamuru, wengine hawajawahi kuandika taarifa ya shahidi hata moja. Mafunzo yaliyotolewa ya kuwaandaa yalikuwa mafupi mno kwa kazi iliyowangojea.

Palikuwa na vituo vilivyofanikiwa. Nilipouliza kwa nini, jibu halikuwa bajeti. Ni OCS aliyewachanganya zamuni tangu siku ya kwanza, askari wa AP na wa kituo pamoja, yule afundishe kuandika OB na huyu amtembeze mwenzake kijijini amtambulishe kwa wazee wa mtaa. Mahali pengine OCS aliwaacha AP walinde lango na benki, na hadi leo wanaitwa kwa jina la zamani. Tangazo lilikuwa moja nchi nzima.

Sasa niingie penye uchungu. Mwishoni mwa 2013 Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ikiongozwa na Johnston Kavuludi, ilianza kupiga maafisa msasa. Wakenya walikaa mbele ya televisheni wakiona makamanda wakiulizwa walipataje mali yao. Zoezi hilo lilichukua miaka na lilikuwa na kasoro zake, na wengi waliokwama walikwenda mahakamani. Ila lilifungua dirisha moja ambalo halipaswi kufungwa tena: Tume iliomba taarifa za M-Pesa. Ilipofika zamu ya trafiki, taarifa zile zikaonyesha pesa zikitoka kwa askari wa chini kwenda kwa wakubwa wao, na wakubwa wakaulizwa hizo ni pesa za nini.

Tukubali maana yake. Yule konstebo anayenyoosha mkono kwenye dirisha la matatu ndiye wa mwisho kwenye mnyororo. Ana mtu anayemsubiri jioni. Zamu ya barabarani hupangwa na mkubwa, na mahali zamu inapouzwa, aliyeinunua lazima arudishe pesa yake. Ukimkamata konstebo huyo leo, na ukamweka mwingine kesho kwenye barabara ileile, chini ya mpangilio uleule wa zamu, umebadilisha sura tu. Kama kuna OCS hapa anayetaka kujua hali ya nidhamu kituoni kwake, aanze na daftari la zamu. Nani hupangwa barabarani kila wiki? Nani hupangwa kulinda seli kila usiku wa Jumamosi na hajawahi kutoka? Nani anapanga, na anaulizwa na nani? Daftari hilo libandikwe ukutani mwezi mzima, askari wote walione, na mabadiliko yawe na saini na sababu. Hilo halihitaji jopokazi wala shilingi moja ya wafadhili.

Nije kwenye uhamisho, maana ndilo jambo lililonileta hapa.

Hadithi mnaijua. Malalamishi yanafika kwamba konstebo fulani anawapiga mahabusu. Mama wa kijana aliyeumizwa amekuja kituoni, ameketi kwenye benchi tangu asubuhi, ameambiwa arudi kesho, na kesho yake vilevile. Anaomba fomu ya P3, ile ya daktari kuandika majeraha, anaambiwa zimekwisha. Mwishowe mwandishi wa habari anapata picha. Simu inalia ofisini kwa OCS: "Huyo mtoe hapo haraka." Signali, yaani amri ya uhamisho, inatoka, konstebo anafunga virago, wiki inayofuata yuko Mandera, au Lodwar, au ndani huko Tana River. Mama anaambiwa hatua imechukuliwa. Faili haikufunguliwa.

Tazameni mambo yaliyofanyika hapo kwa pigo moja. Mama hakusikilizwa. Shahidi pekee, askari mwenzake aliyekuwa zamu ile, amejifunza kwamba kunyamaza ndiyo busara. Konstebo mwenyewe, kama hakufanya, amehukumiwa bila kujitetea. Kama alifanya, hakuadhibiwa kwa kupiga, ameadhibiwa kwa kuonekana gazetini. Na watu wa Mandera wamepelekewa mtu ambaye kituo kingine kimeshindwa naye. Hili la mwisho linaniuma. Kwa miaka mingi tumeyafanya maeneo ya kaskazini kuwa mahali pa kupeleka watumishi waliokosea, kana kwamba raia wa huko hawastahili askari mwema. Halafu tunashangaa wakikataa kutupa habari. Na yule askari bora aliyepangwa Turkana kwa zamu yake ya kawaida anafika huko akiwa tayari ana doa, kila mtu anamuuliza, "Wewe ulifanya nini?"

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inataja adhabu za kinidhamu. Kuna karipio, kuna kusimamishwa kazi, kuna kushushwa cheo, kuna kufutwa. Uhamisho haumo. Askari akikosa, ashtakiwe kwa kosa lenyewe. Likiwa jinai, faili liende kwa mwendesha mashtaka. Likiwa la nidhamu, lisikizwe kwenye chumba cha nidhamu, ile mnayoiita orderly room, na lisikizwe sawasawa: aambiwe kosa lake kwa maandishi, apewe muda wa kujiandaa, aite mashahidi wake, apewe sababu za uamuzi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, na askari ni mtu. Kuna wakubwa wanaodhani utaratibu ni kuchelewesha mambo. Waulizeni mawakili wa Serikali ni mara ngapi mahakama ya ajira imemrudisha kazini mtu aliyefutwa, si kwa kuwa hakukosa, ila kwa kuwa hakusikilizwa. Anarudi na malimbikizo ya mshahara na kichwa kimevimba, na kituo kizima kinaona kwamba mkubwa alishindwa.

Na kuna jambo la ndani zaidi kuliko kesi. Askari anayehukumiwa bila kusikilizwa na OCS wake, jioni hiyohiyo atamhukumu kijana wa bodaboda bila kumsikiliza. Anayetukanwa kwenye paredi mbele ya wenzake atatukana kwenye dawati la ripoti. Mimi naamini hili kuliko somo lolote la haki za binadamu linaloweza kufundishwa kwa siku tatu hotelini. Heshima anayopewa konstebo ndiyo heshima atakayokuwa nayo ya kumpa mwananchi. Hana nyingine ya kumpa.

Maafande wa Magereza, kwenu kuna funzo ambalo nchi nzima imelisahau. Baada ya 2003, Moody Awori akiwa Makamu wa Rais na waziri mwenye dhamana ya magereza, milango ya jela zetu ilifunguliwa. Wafungwa waliokuwa wakilala sakafuni wakapata magodoro. Televisheni zikaingia, sare zikabadilishwa, jamaa wakaruhusiwa kuwatembelea kwa namna ya kibinadamu, na waandishi wa habari wakaingia mahali ambapo awali hapakuwa na jicho la nje. Yalikuwa mageuzi ya kweli, na mzee Awori anastahili heshima yake.

Lakini askari wa magereza alikuwa akitoka zamu, akimwacha mfungwa kwenye godoro jipya, anaenda kulala kwenye kibanda cha mabati ambacho familia mbili zinagawana kwa pazia. Baba mmoja upande huu na mke na watoto, mwenzake upande ule. Mtoto akikohoa usiku, nyumba zote mbili zinaamka. Hakuna aliyekaa naye kumweleza mabadiliko haya yanamhusu vipi, wala kumuuliza yeye anaonaje. Mwezi Aprili 2008 askari wa magereza waligoma wakidai marupurupu na makazi. Watu wengi walishtuka: askari wenye silaha, wanaolinda wafungwa hatari, wamegoma! Mimi sikuwa na haja ya kushtuka. Mtu akiona utu unagawiwa na yeye anarukwa, atauliza zamu yake ni lini.

Wapo waliotumia mgomo ule kusema kwamba kumbe wafungwa walidekezwa. Hilo ni kosa kubwa. Magodoro yale yalistahili kutolewa, na yangestahili hata kama hakuna askari aliyefurahi. Kosa lilikuwa kuyatekeleza juu ya vichwa vya watu ambao ndio wangeyaendeleza au kuyaua. Askari wa zamu ndiye anayeamua kama mfungwa atamwona daktari leo au kesho, kama barua itafika, kama kijana mpya atawekwa seli moja na wakosaji sugu. Waziri haamui hayo.

Kumwondoa mkuu ni rahisi. Novemba 2021 wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walitoroka Kamiti, gereza la ulinzi mkali, na ndani ya siku chache Kamishna Jenerali akaondolewa na mwingine akaapishwa. Watoro walikamatwa Kitui. Lakini maswali ya nani alikuwa zamu, kamera zilikuwa zinafanya kazi au la, funguo zilikuwa kwa nani, hayo hujibiwa kwenye vitabu vya zamu vya gereza lenyewe, na mabadiliko ya kamishna hayayagusi.

Sasa niseme kuhusu ukimya, na hapa nitazungumza polepole.

Mwezi Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi walitoka mahakamani Mavoko na hawakufika nyumbani. Mteja yule alikuwa amelalamika IPOA kwamba askari alimpiga risasi. Walifungiwa kwenye seli ya kambi ya AP Syokimau, kisha wakauawa, na miili yao ikapatikana mtoni. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu na mtoa habari wa polisi, na Februari 2023 afisa mkuu wa njama ile akahukumiwa kifo.

Watu wanapozungumzia kesi hii huzungumzia wauaji. Mimi hufikiria kambi. Kambi ina lango, ina mtu wa zamu, ina seli, ina kitabu. Watu watatu wasio na jina kwenye kitabu chochote wamo ndani ya seli ya Serikali, mchana, na saa zinapita. Mojawapo ya ushahidi ulioletwa ni karatasi ya chooni iliyoandikwa ombi la msaada na kutupwa nje ya seli. Iliokotwa na mtu wa nje. Ndani ya kambi hakuna aliyepaza sauti.

Kwa nini hakuna? Ukimuuliza konstebo faraghani, jibu ni lilelile: akisema, ataitwa msaliti, atapangwa zamu za kumvunja, atahamishwa. Kumbukeni nilivyosema kuhusu uhamisho. Silaha ileile inayotumika kumficha mkosaji ndiyo hutumika kumwadhibu msema kweli. Sheria ya IPOA inamruhusu afisa wa polisi naye kupeleka malalamiko yake huko. Kipo pia Kitengo cha Masuala ya Ndani, kilichoundwa na sheria, na kinapokea ripoti kutoka kwa raia na kutoka kwa askari. Njia zipo. Asiyekuwapo ni OCS ambaye, askari akija kumwambia, "Afande, jana usiku kuna jambo nimeliona," atafunga mlango, atamsikiliza hadi mwisho, ataandika, na mwezi unaofuata askari huyo bado atakuwa kituoni palepale na likizo yake imesainiwa. Ikitokea hivyo mara moja tu, kituo kizima kitajua. Habari za kituo hazihitaji gazeti.

Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa Homa Bay akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Taarifa ya kwanza ilisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo hayakuendana na maelezo hayo, na Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti. Wapo walioshtakiwa, na kesi iko mahakamani, kwa hiyo sitagusa nani alifanya nini. Ninagusa lile la taarifa ya kwanza. Inspekta Jenerali husema alichoambiwa na walio chini yake. Kituo kikizoea kuandika kinachompendeza mkubwa badala ya kilichotokea, siku moja mkubwa wa wakubwa atasimama mbele ya taifa na kusoma uongo bila kujua.

Kwa hiyo seli, maafande. Kila zamu inapobadilishana, anayeingia aende seli mwenyewe, ahesabu watu, amwangalie kila mmoja usoni, amuulize jina na hali yake, alinganishe na rejista, kisha asaini na saa. Mwenye jeraha aandikwe jeraha lake na lilitoka wapi. Asiye kwenye kitabu asipokelewe na zamu mpya hadi ijulikane amefikaje. OCS mwenyewe apite alfajiri, siku ambazo hakutangaza. Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo haziwezi kuhesabiwa kama hakuna aliyeandika ya kwanza. Haya yote yamo kwenye sheria na kanuni zenu. Nimekutana na maafisa wanaoyafanya kila siku, na vituo vyao vinajulikana mtaani hata na watoto.

Na kwenye dawati la ripoti, ukuta wa kituo umeandikwa kwamba bondi ya polisi, yaani dhamana ya kituoni, ni bure. Basi iwe bure. Mwananchi akiambiwa gari halina mafuta, OCS ajue leo hii kama kweli halina. Pengine ni kweli, kwa kuwa mgao wa mafuta wa vituo vingi haumalizi mwezi. Kama ni kweli, liandikwe OB hivyo, na barua iende kwa kamanda wa kaunti ndogo ikieleza ni ripoti gani hazikufuatiliwa kwa sababu hiyo. Konstebo anayelazimika kumwomba mlalamishi pesa ya mafuta ameachwa na mwajiri wake peke yake. Ukimwacha hapo muda mrefu, hatajua tena mpaka kati ya mafuta na chai.

Ndiyo maana sitaki kusikia ustawi wa askari ukitajwa kama jambo la pembeni. Jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoundwa Desemba 2022, lilitoa ripoti yake Novemba 2023 kuhusu polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, na likapendekeza nyongeza ya mishahara ya hadi asilimia 40. Nyongeza ni haki yao. Lakini mshahara hauko mikononi mwenu, na sitawapa kazi isiyo yenu. Lililo mikononi mwenu ni likizo. Ni kumwondoa zamuni kwa siku chache askari aliyeona mwenzake akiuawa, aende kwa mshauri nasaha, bila kuitwa mwoga. Ni kumjua konstebo ambaye ameacha kula na wenzake. Tumezika askari wengi mno waliojiua kwa bunduki ya kazi, na kila mara tunasikia wenzake wakisema walikuwa wameona dalili. Walimwambia nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimetazama ratiba ya siku hizi mbili. Kuna kamanda, kuna hakimu, kuna wakili wa Serikali, kuna mimi. Hakuna konstebo wala askari wa magereza wa cheo cha chini aliyepangiwa kuzungumza, ingawa kila mada inamhusu yeye. Nimewaona madereva na walinzi waliokuja na maafande wako hapo nje chini ya mwembe. Dakika zangu zilizobaki naomba wapewe wao, waingie wawili au watatu wanaotaka kwa hiari yao, waseme daftari la zamu kwao hupangwaje. Na naomba maafande wao wakubali, mbele yetu sote, kwamba kesho hakuna signali itakayotoka.